Mwamvita Wanne na Mwali Mmoja

Mwaka ule wa vita vya Kagera, mtoto wa kike akizaliwa Tabora hakusumbua watu kutafuta jina. Redio ilitaja vita asubuhi na jioni, wanaume waliagwa stesheni, na mkunga akitoka nje kunawa mikono aliulizwa neno moja tu: wa kike? Basi, Mwamvita. Ndiyo maana mitaa ya Ng'ambo na Gongoni ilijaa Mwamvita wa umri mmoja. Walianza darasa la kwanza pamoja, na mwalimu akiita jina wanainuka watano.

Mmoja alikufa angali msichana. Wanne waliobaki wamefika miaka arobaini na sita, wanaitana wajina, na ili ijulikane anasemwa nani, mji umewapa majina ya nyongeza. Yuko Mwamvita Asali wa Gongoni, anayefuata asali kwa warina wa Sikonge na kuiuza kwa madebe. Ameolewa mara tatu, ameachika mara tatu, na ndoa zake anazisimulia kama mtu anayesimulia safari. Yuko Mwamvita Ustadhati, anayesomesha watoto wa kike Kurani barazani kwake, mke wa mume mmoja tangu ana miaka kumi na saba. Yuko Mwamvita Reli, mkatisha tiketi wa stesheni, aliyesoma mpaka chuo na hakuolewa. Na yuko huyu wetu, Mwamvita wa Bati, ambaye bati lenyewe si lake. Ni la mumewe Lukumani, anayegonga makarai na ndoo kibarazani Ng'ambo tangu ujana. Wenzake waliitwa kwa wanachokifanya wao. Yeye aliitwa kwa kelele za nyundo ya mume.

Jina hilo lilimuudhi, lakini hakuwahi kulisemea. Alikuwa mtu wa kuona, si wa kusema. Maziwa hayakumwagika jikoni kwake, na mtoto hakuingia na homa asiijue kabla hajamgusa paji la uso. Aliona vitu vikija kutoka mbali, akakaa navyo kifuani, vikamkosesha usingizi.

Shamila ni binti yake wa kwanza, ana miaka ishirini na mbili, msaidizi wa maabara katika zahanati moja ya mjini. Mwezi wa nane zilimjia habari mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza, amepata nafasi ya kusomea stashahada ya maabara, miaka miwili, chuo kiko hapa hapa Tabora, kinafunguliwa mwezi wa kumi. Ya pili, Majidi ameleta posa.

Majidi hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mwamvita, maana kijana mbaya unamkataa ukapumzika. Huyu ananunua mpunga huko kwao Puge, njia ya Nzega, ana duka, ana nyumba iliyoezekwa, na akikusalimu anainama. Siku ya kupanga tarehe ya ndoa alikaa sebuleni na wazee wake, akasema kwa adabu zote, "Baba, chuo hakikimbii. Kwanza tutengeneze nyumba. Dukani kwangu kuna kazi ya kumtosha."

"Inshallah," alijibu Lukumani.

Mwamvita alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Lukumani alikuwa na Inshallah mbili, moja ya kweli na moja ya kumaliza mazungumzo. Mwamvita ameishi nazo miaka ishirini na mitano, na hii aliijua ni ya pili.

Jioni ile Shamila alimfuata jikoni. "Mama, wewe unaonaje?"

"Muulize baba yako."

"Baba amesema Inshallah."

"Basi ndiyo hivyo."

Aliyaona mabega ya binti yake yakishuka. Aliona siku zilizofuata jinsi karatasi ya chuo ilivyohamishwa kutoka mezani kwenda kabatini, na kutoka kabatini kwenda chini ya godoro. Shamila aliuliza tena mara ya pili na ya tatu, kwa maneno ya kupitia pembeni, na kila mara alielekezwa kwa baba yake.

Kilichomfunga Mwamvita mdomo ni hiki. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kiwanda cha nyuzi, akapewa mashine yake ya kusokotea, namba kumi na moja. Alikaa nayo miaka miwili. Alipoolewa, mama mkwe alisema mke wa fundi haondoki alfajiri na baiskeli kama mwanamume, naye akaacha kazi. Watu walimwuliza kama hajuti, akasema amepata raha. Shamila alipokuwa mdogo aliuliza pia, akajibiwa hivyo hivyo. Sasa akimwambia binti yake usiache chuo, ataulizwa amejuaje, na jibu lake lingemvua nguo Lukumani, mtu ambaye hajawahi kumpiga wala kumlaza njaa. Kwa hiyo akatafuta mdomo wa mtu mwingine.

Na midomo ilikuwepo mitatu. Wajina hawa waliwekeana ahadi zamani, kwamba binti wa mmoja akiolewa, wale wengine watatu ndio watakuwa makungwi wake. Mama mzazi hamfundi mwanawe. Kazi yake ni kupika uani, na pazia la chumba cha mwali halivuki mpaka siku ya kutolewa nje. Mwamvita akaona hapo ndipo pa kupitishia neno lake.

Alianza kwa Mwamvita Asali. Alimkuta anachuja asali uani, mikono inanata mpaka viwiko.

"Hilo tu, wajina?" Mwamvita Asali alisema. "Nitamwambia. Lakini sikufichi, mimi chuo sikiamini. Cheti ni karatasi ya kwendea kuomba kazi kwa watu. Mwanamke awe na mzigo wake. Puge kuna mpunga, kuna alizeti, aanze na gunia moja la siri."

"Sikuja kukuuliza unaamini nini."

"Umekuja kuniazima mdomo. Mdomo wangu una mawazo yake."

Kwa Mwamvita Ustadhati alingoja watoto wamalize kusoma na kutawanyika. Wajina yake alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunika vizuri ushungi wake. "Mke huenda kwa idhini," alisema. "Akae kwanza na mumewe, amzoee, halafu aombe kwa upole. Atapewa."

"Chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi, wajina."

"Kwani mwaka kesho hauna mwezi wa kumi?"

"Nafasi haikai mwaka mzima."

"Mwenye kutoa nafasi yuko juu," alisema Mwamvita Ustadhati, akaanza kukunja mikeka ya watoto.

Mwamvita Reli alimpigia simu. Huyu ndiye aliyemtegemea, maana ndiye msomi wao. "Nimekusikia, wajina, treni inaingia," alisema, akakata.

Kufundwa kulianza Alhamisi nyumbani kwa Mwamvita Asali, na ndoa ilikuwa Jumapili. Siku nzima Mwamvita wa Bati alikaa uani na sufuria zake. Alisikia kingoma kidogo kikipigwa ndani, akasikia vigelegele, akasikia sauti ya Mwamvita Asali ikieleza jambo refu na wote wakiangua kicheko. Alichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Alifunua pilau mara nyingi mpaka mvuke wote ukakimbia. Kila mtu aliyetoka kuchota maji, Mwamvita alimtazama usoni apate habari, na kila mtu alimwambia chakula kinanukia.

Ijumaa, baada ya adhuhuri, Mwamvita Reli akatoka na sahani yake, akavuta kigoda karibu na moto.

"Mmefika wapi?" Mwamvita aliuliza.

"Mbali. Asali kamfundisha kuficha magunia, Ustadhati kamfundisha kuomba radhi kabla hajakosa."

"Na wewe?"

"Mimi nimemwambia aolewe akatulie."

Mwamvita aliweka mwiko chini. "Wewe? Wewe mwenye chuo?"

"Mimi mwenye chuo. Nani mwingine anajua? Nina sare yangu ya kazi, nina nyumba yangu, na Iddi nakwenda kula kwa dada yangu kama mgeni. Miaka ishirini na mbili niko dirishani nawakatia watu tiketi za kwenda kwa watu wao. Kijana mwenye adabu ukimpata usimwekee mitihani. Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo ninavyoona."

"Nilikuomba kitu kimoja, wajina. Kimoja. Siku mbili nawapikia, moshi umenimaliza macho, mko watatu mle ndani na hakuna hata mmoja aliyelisema neno langu."

"Neno ni lako, unatutwisha sisi la nini?" Mwamvita Reli alijimegea nyama. "Umemwambia mwenyewe?"

"Mimi mama. Mama hafundi."

"Hafundi mambo ya chumbani. Chuo nacho kiko chumbani?"

Mwamvita alikaa akimtazama mwenzake anavyokula, akaona hasira ile aliyokuwa amewaandalia wote watatu haina pa kukaa. Akafuta mikono kwenye kanga, akainuka, akavuka ua, akalisukuma pazia.

Ngoma ikanyamaza. "Wajina, una wazimu?" Mwamvita Asali alisema. "Mama mzazi haingii humu."

"Nimeshaingia."

Shamila alikuwa amekaa mkekani, kanga imefunika kichwa, liwa imemkaukia usoni, miguu imenyooshwa kwa ajili ya hina. Mwamvita alikuwa amelipanga neno hilo mwezi mzima, na sasa lilitoka bila nguo.

"Chuo usikiache."

Mwali hatakiwi kuinua uso, na Shamila hakuinua. Alisema akiitazama miguu yake. "Hata wewe, mama? Tangu jana nafundwa. Mama Asali ananipa gunia la mpunga, Mama Ustadhati ananipa upole, Mama Reli ananipa upweke wake niuogope. Mna jina moja, lakini kila mmoja kaniletea maisha yake ananipima kama gauni. Wewe nakuuliza mwezi mzima, unanipeleka kwa baba. Leo nimepakwa liwa ndiyo unakuja."

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini? Wewe si uliacha kiwanda ukapata raha?"

Mwamvita Ustadhati aliacha kuhesabu tasbihi.

"Nilisema uongo," Mwamvita alisema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisikia king'ora cha zamu ya asubuhi naamka, nakaa ukingoni mwa kitanda, nimekwisha kuvaa kilemba, sina pa kwenda. Halafu nalala tena kabla baba yako hajaona."

"Baba anajua?"

"Hajui."

Hapo Shamila akainua uso, liwa ikapasuka mashavuni. "Ungerudi kiwandani siku zile, baba ungemkataa?"

"Nisingemkataa. Ningekwenda kazini, basi."

"Na mimi Majidi simkatai. Wala chuo sijakiacha. Nimekwama tu, sina wa kunisemea."

Mwamvita Ustadhati akakohoa kidogo. "Sharti huwekwa kabla ya akdi," alisema. "Mwanamke ana haki hiyo. Aseme naolewa kwa sharti la kusoma, mume akilikubali mbele ya mashahidi, limemfunga."

Mwamvita Asali alimgeukia. "Siku mbili umekaa na jambo hilo tumboni?"

"Niliombwa nimwambie asiache chuo. Sikuulizwa njia."

"Ningekuwa na wewe kwenye ile ndoa yangu ya pili, ningekuwa tajiri."

"Ila lazima lipitie kwa walii," Mwamvita Ustadhati aliendelea, na wote wakamtazama Mwamvita wa Bati, kwa sababu walii ni baba wa binti, na baba wa binti ni mumewe.

Alirudi nyumbani kwa miguu kutoka Gongoni, na njia nzima alikuwa akikasirika. Aliwakasirikia wajina zake kwa kumrudishia mzigo wake, akamkasirikia mama mkwe aliyekwisha kufa, akajikasirikia kwa kutembea haraka kana kwamba akichelewa atabadili nia, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Lukumani alikuwa anakunja ukingo wa karai. Mwamvita alisubiri nyundo itulie. Haikutulia, akasema hivyo hivyo juu ya kelele, habari ya chuo na habari ya sharti.

"Majidi ameshasema," Lukumani alijibu, "na mimi nimeshajibu."

"Ulijibu Inshallah."

"Si jibu hilo?"

"Si jibu, Baba Shamila. Lile unalisema unapotaka wageni wanywe chai waondoke."

Lukumani akaendelea kugonga, na kama Mwamvita angenyamaza pale jambo lingekwisha kama yalivyokwisha mengine. Mwamvita akasogea mpaka kivuli chake kikaangukia karai. Akamwambia habari ya kiwanda. Akamwambia ya king'ora na kilemba. Nyundo ilisimama hewani, ikashuka polepole, ikawekwa juu ya gogo.

"Miaka ishirini na mitano," Lukumani alisema.

"Ndiyo."

"Nilikunyima nini mimi, Mama Shamila?"

"Hukuninyima. Hukuniuliza."

Lukumani alinawa mikono kwenye ndoo, akavaa kofia yake, akatoka. Hakusema anakwenda wapi, na aliporudi hakusema alikotoka. Mwamvita alimwekea chakula akala. Alimwuliza kama aongeze mchuzi, akatikisa kichwa.

Jumamosi asubuhi akafika Mzee Masele kutoka Puge, mshenga wa upande wa kijana. "Mwangaluka, mayu," alimsalimu Mwamvita kwa kilugha chake, akimwita mama, akaketi na Lukumani, nao wakazungumza kwa muda ambao hata kahawa haijapoa. Sharti limekubaliwa. Shamila atasoma miaka yake miwili. Ila kila Ijumaa atapanda basi kwenda Puge kwa mumewe, Jumapili jioni atarudi, na likizo zote atakuwa dukani. Lukumani alikwisha kusema ndiyo kabla Mwamvita hajatua sinia.

"Na atasoma saa ngapi?" Mwamvita aliuliza. "Miaka miwili barabarani, kila wiki kwenda na kurudi? Mtihani wa Jumatatu ataufanya na vumbi la Nzega kichwani?"

"Mayu," Mzee Masele alisema kwa upole, "kijana alinuna mpaka usiku. Mjomba wake alisema tuvunje. Hiki ulichokipata kichukue kikiwa bado kina moto."

Habari ilipelekwa Gongoni. Shamila aliisikiliza kutoka nyuma ya pazia, akasema, "Afadhali." Mwamvita alirudia neno hilo kichwani siku nzima. Angetaka alhamdulillahi, au hata kilio. Afadhali ni neno la mtu aliyefika sokoni jioni.

Jumapili akdi ilifungwa. Shehe alilitaja sharti kwa sauti, Majidi akaitikia mara moja, bila kusita, na Mwamvita akamwona akitazama upande wa wanawake kana kwamba anatafuta aliyemfanyia hivyo. Baadaye, pilau lilipokuwa linapakuliwa, wale wajina watatu walikuwa wamekaa mstari mmoja na sare zao za kitenge, wanapokea sifa.

"Sisi ndio tuliomfunda," Mwamvita Asali aliwaambia wageni. "Mimi nilimwambia mwanamke awe na chake."

"Sharti lilitoka kwangu," alisema Mwamvita Ustadhati, bila kujisifu, kama mtu anayesahihisha hesabu.

"Na mimi ndiye niliyemwambia amshike Majidi," alisema Mwamvita Reli. "Mngeachiwa ninyi mngempoteza."

Jirani mmoja akamgeukia Mwamvita wa Bati, aliyekuwa anapita na sinia. "Na wewe mama yake ulimwambiaje?"

"Huyu hasemi," Mwamvita Asali akawahi. "Huyu kazi yake kutupikia, na pilau la Alhamisi lilikauka." Wakacheka. Mwamvita naye akacheka kidogo, akaenda na sinia lake, akaona kwamba Mwamvita Reli peke yake hakucheka.

Nyumbani kulikuwa kugumu. Lukumani hakugomba wala hakununa waziwazi. Aliamka, akasalimu, akagonga bati, akala, akalala. Lakini yale mazungumzo madogo madogo, ya nani kapita na nani kanunua ndoo, yalikatika. Mwamvita alijiona kama mtu aliyevunja ukuta ili apitishe kitanda, kitanda kimepita, na sasa upepo unaingia. Siku nyingine alijuta. Siku nyingine alikasirika kwa nini ajute.

Mwezi wa kumi, Jumatatu ya kwanza, alimsindikiza Shamila mpaka langoni mwa chuo. Binti alikuwa ameteremka basi la Puge jana yake jioni, macho mekundu kwa vumbi, hina bado haijatoka miguuni. Hawakusemezana mengi. "Nenda, utachelewa," Mwamvita alisema. Alibaki akitazama mpaka alipomwona akisimama kwenye mstari wa wanafunzi, akapanga karatasi zake, akaangalia mbele.

Aliporudi, Lukumani alikuwa kibarazani na karai jipya. Mwamvita alipita akaenda jikoni, akawasha moto, akateleka maji. Nyundo ikasimama.

"Mama Shamila," Lukumani aliita. "Ile mashine yako, ulikuwa unaifanyaje kazi?"

Mwamvita alitoka akasimama mlangoni. "Unauliza leo?"

"Nauliza leo."

Alitaka kumwambia aulize kesho, au amwulize mama yake kaburini. Maji yalikuwa yanakaribia kuchemka na unga ulikuwa haujachekechwa. Akavuta karai lililopinduliwa, akalikalia, akaanza kumweleza, kwa hasira, kuanzia lango la kiwanda na mahali walipokuwa wakiziegesha baiskeli.